Kiti cha Mkongwe kwenye Mechi ya Nyota

Kila mwaka, katikati ya Julai, ligi kuu ya besiboli ya Marekani husimama kwa siku chache ili wachezaji bora wa pande zake mbili, Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, wakutane kwenye mechi moja. Msimu wa kawaida una mechi 162 kwa kila timu. Hii moja haiingii kwenye msimamo wala haina kombe la kutetea, na ukimuuliza shabiki mwezi Septemba nani alishinda, huenda akakuna kichwa. Hata hivyo ni vigumu kupata mechi inayowagombanisha wapenzi wa mchezo huo kama hii, na ugomvi huanza wiki kadhaa kabla mpira haujarushwa, kwa sababu wanaoanza kikosini huchaguliwa kwa kura za mashabiki. Ukifika mwaka ambao gwiji fulani anajiandaa kutundika daluga, hoja hurudi palepale: ni haki gani kumpa nafasi mzee wa miaka 40 ambaye gongo lake limepoa, huku kijana aliye kwenye msimu bora wa maisha yake akibaki nyumbani kutazama runinga? Ninachotetea katika sura hii ni kwamba haki hiyo ipo, ilikuwepo tangu mechi hii ianzishwe, na wenye kuitoa wanapaswa kuwa mashabiki wenyewe. Kuihamishia ofisini, kama ilivyofanyika mwaka 2022, ni kutatua tatizo moja na kuzaa jingine.

Tuanze na asili ya mechi, kwa kuwa wanaosema ni ya walio bora leo tu huzungumza kana kwamba ndivyo ilivyoasisiwa. Aliyeibuni ni Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune, ili iambatane na maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1933, wakati Marekani imebanwa na mdororo wa uchumi. Wasomaji wa magazeti walipiga kura, na tarehe 6 Julai timu mbili zikaingia Comiskey Park. Babe Ruth, aliyekuwa na miaka 38 na ambaye miaka yake ya moto ilikuwa imepita, alipiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, likawa pigo la kwanza la aina hiyo katika historia ya Mechi ya Nyota. Ligi ya Amerika ikashinda 4 kwa 2. Lakini watazame makocha. Upande mmoja alikuwa Connie Mack, mzee wa miaka 70. Upande wa pili alikuwa John McGraw, ambaye alikuwa ameachia ngazi New York Giants mwaka mmoja kabla kwa sababu ya afya. McGraw hakuwa na timu. Aliitwa kutoka nyumbani, akavaa tena sare kwa siku moja. Februari 1934 alifariki. Kama mechi ile ilikusudiwa iwe ya walio kileleni peke yao, mtu aliyekwisha kustaafu asingewekwa kuongoza nusu ya uwanja.

Ushahidi wa pili hausikiki sana, lakini kwangu unauma zaidi. Kuanzia 1959 hadi 1962 Mechi ya Nyota ilichezwa mara mbili kila msimu, na sababu kubwa ilikuwa kuongeza fedha kwenye mfuko wa pensheni wa wachezaji. Kwa miaka minne vijana waliokuwa juu walitoka jasho mara mbili ili waliostaafu wapate kula. Anayedai kwamba kuwakumbuka wakongwe kunaichafua mechi hii aanze kueleza misimu hiyo minne.

Upo pia upande wa historia ambao ligi kuu yenyewe ilichelewa kuukubali. Septemba ya mwaka uleule wa 1933, katika uwanja uleule wa Comiskey Park, wachezaji weusi waliofungiwa milango ya ligi kuu walicheza mechi yao ya nyota, Mashariki dhidi ya Magharibi. Nayo iliendeshwa kwa kura za mashabiki, zilizopigwa kupitia magazeti ya watu weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Kufikia 1943 mechi hiyo iliingiza watu zaidi ya 50,000. Mrushaji Satchel Paige alikuwa kipenzi cha umati huo miaka mingi kabla ofisi yoyote ya ligi kuu haijamtambua. Alipata nafasi huko mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 42, mwaka mmoja baada ya Jackie Robinson kuvunja ukuta wa ubaguzi. Mwaka 1953 alirusha kwenye Mechi ya Nyota ya ligi kuu akiwa na miaka 47. Jumba la Heshima la Cooperstown, linalojiita mlinzi wa kumbukumbu ya mchezo, lilimwingiza mwaka 1971. Mashabiki walikuwa wamemaliza kutoa hukumu yao karibu miaka 40 kabla. Kila ninaposikia kwamba heshima ni kazi ya wataalamu na kwamba umati hauna kipimo, hesabu hiyo hunijia kichwani.

Sasa hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni ya nafasi. Mwaka 2001 Cal Ripken wa Baltimore Orioles alitangaza mwezi Juni kwamba msimu huo ni wake wa mwisho. Huyu ndiye aliyecheza mechi 2,632 mfululizo bila kukosa hata moja, akaivunja rekodi ya Lou Gehrig ya 2,130 iliyodhaniwa haitafikiwa. Lakini mwaka 2001 alikuwa na miaka 40, na alimaliza msimu na wastani wa upigaji wa .239, kiwango ambacho kijana asiye na jina angekaa benchi nacho. Mashabiki walimchagua kuanza kituo cha tatu. Kabla ya mpira wa kwanza huko Seattle, Alex Rodriguez, aliyepangwa katika nafasi ya kati ya kituo cha pili na cha tatu, alimsukuma Ripken aende kusimama pale alipochezea sehemu kubwa ya maisha yake, yeye mwenyewe akahamia kituo cha tatu. Katika zamu ya tatu Ripken aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa na Chan Ho Park ukavuka ukuta. Akatoka na tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Mpinzani atasema kwamba tamthilia nzuri haifuti swali: nafasi ile ilikuwa ya mtu mwingine. Inawezekana. Ila hoja hiyo inadhani kwamba kikosi cha nyota kingekuwa orodha safi ya walio bora kama wakongwe wasingekuwemo, na hakijawahi kuwa hivyo. Kanuni inataka kila timu ya ligi iwe na angalau mchezaji mmoja kikosini. Kwa kanuni hiyo, mchezaji wa kawaida wa timu inayoburuta mkia huingia na mwenye takwimu nzuri kuliko zake kwenye timu yenye nyota wengi huachwa, kila mwaka, na hakuna anayeandamana. Mashabiki wamekubali kwamba mechi hii ina madhumuni zaidi ya moja, kwamba mtoto wa Pittsburgh astahili kumwona mtu wake akiitwa. Kama uwakilishi wa mji ni sababu halali ya kukiuka takwimu, miaka 20 ya kazi inakosaje kuwa sababu? Isitoshe, wanaoanza hukaa uwanjani zamu chache kati ya tisa kisha hupisha wengine, na wachezaji wa akiba huchaguliwa kwa njia nyingine, ikiwemo kura ya wachezaji wenzao. Kijana mwenye msimu mzuri ana mlango wa pili. Mkongwe anayeondoka hana mwaka wa pili.

Kinachobaki kwenye hoja ya nafasi ni fedha, na hapa wapinzani wana haki. Mikataba mingi ya besiboli ina kipengele cha bonasi kwa anayeitwa kwenye Mechi ya Nyota, na idadi ya miito hutajwa katika mazungumzo ya mishahara. Anayekosa kwa kumpisha mzee hupoteza kitu cha kuhesabika. Sioni jibu la kishairi kwa hilo. Jibu lake ni la kikanuni, nalo ni kuongeza kiti badala ya kumwondoa mtu kwenye chake. Nitalirudia mbele.

Hoja ya pili ni kwamba mashabiki hawajui kupiga kura. Mfano unaotajwa siku zote ni wa 1957, wakati mashabiki wa Cincinnati, wakichochewa na magazeti ya mji wao, walijaza kura hadi wachezaji saba wa timu yao wakashika nafasi saba kati ya nane za kuanza. Aliyenusurika alikuwa Stan Musial wa St. Louis peke yake. Kamishna Ford Frick aliwaondoa wawili, Gus Bell na Wally Post, nafasi zao zikaenda kwa Willie Mays na Hank Aaron, kisha akawanyang'anya mashabiki kura kabisa. Iliwarudia mwaka 1970 chini ya kamishna Bowie Kuhn. Kisa hicho ni cha kweli na ni cha aibu, lakini tazama kosa lilikuwa lipi: ulikuwa upendeleo wa mtaa mmoja kwa vijana wake. Hakukuwa na mzee yeyote aliyebebwa. Kukitumia kisa cha Cincinnati kuwazuia mashabiki wasimuage Ripken, ambaye aliungwa mkono na watu wa miji aliyoifunga kwa miaka 20, ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Mfano mzito zaidi ni wa 1999, nao wapinzani huusahau. Mwaka huo mashabiki waliombwa wachague timu ya karne. Walichagua 25, na orodha yao iliwaacha nje Honus Wagner, Christy Mathewson, Lefty Grove, Warren Spahn na huyohuyo Musial, aliyecheza Mechi za Nyota 24. Jopo maalumu likalazimika kuwaongeza hao watano. Miongoni mwa waliopita kwa kura ni Ken Griffey Mdogo, ambaye wakati huo hata miaka 30 hakuwa ametimiza. Ndiyo, umati husahau asiowaona. Wagner alicheza mwanzoni mwa karne, na mtu aliyepiga kura mwaka 1999 angemjulia wapi zaidi ya vitabuni? Kura ya karne nzima ni kazi ya wanahistoria, na jopo lilifanya vyema. Lakini udhaifu huo hauigusi kura ya kumuaga anayeondoka leo. Hapo mpiga kura anamhukumu mtu aliyemwangalia jioni baada ya jioni tangu akiwa mtoto wa shule, na anayajua makosa yake kama anavyoyajua mapigo yake. Kama kuna jambo moja ambalo shabiki wa kawaida ana ushahidi wa kutosha kulitolea uamuzi, ni hilo.

Na wataalamu nao wasijivune. Uchaguzi wa Cooperstown huendeshwa na waandishi wa besiboli. Anayependekezwa lazima awe amecheza angalau misimu 10, amestaafu kwa miaka mitano, na apate asilimia 75 ya kura. Mwaka 1936, walipochagua kundi la kwanza kabisa, wapo waandishi 11 kati ya 226 waliomnyima kura Babe Ruth. Hakuna aliyepata kura zote hadi Mariano Rivera mwaka 2019. Mwaka uliofuata Derek Jeter alikosa moja. Hao ndio wataalamu tunaoambiwa tuwaachie. Wanaosema Cooperstown inatosha husahau pia kwamba mtu hufika pale amevaa suti, miaka mitano au zaidi tangu aliposhika gongo, katika mji mdogo wa jimbo la New York ambao mashabiki wengi hawataukanyaga. Pale hutolewa hukumu ya kazi nzima. Kuagana kunatakiwa kufanyike mtu akiwa bado ndani ya sare.

Kisa cha Ted Williams, gwiji wa Boston, kinaonyesha gharama ya kuchelewa. Yeye na mashabiki wa Boston waliishi kwa kununiana. Mwaka 1960, mara yake ya mwisho kupiga, aliutoa mpira nje ya uwanja na akagoma kuwavulia kofia waliomshangilia. Julai 1999, kabla ya Mechi ya Nyota kuchezwa Fenway Park, uwanja uleule wa Boston, aliingizwa uwanjani kwa kigari, akiwa na miaka 80, akipunga kofia. Magwiji wa zamani na nyota wa siku hiyo walimzunguka. Mtangazaji wa uwanja aliwaomba wachezaji warudi kwenye mabenchi ili mechi ianze, nao hawakuondoka. Mchezaji Tony Gwynn alimshikilia asimame wakati akirusha mpira wa ufunguzi. Wapo wanaoliona tukio hilo kuwa zuri kuliko mechi yoyote ya nyota iliyowahi kuchezwa, na sitabishana nao. Ila lilikuja miaka 39 baada ya kustaafu kwake, na wengi waliomzomea na kumshangilia wakati ule walikuwa wameshazikwa. Sherehe za wastaafu zinastahili kuendelea. Haziwezi kushika nafasi ya salamu inayotolewa kwa wakati.

Hoja ya tatu ni ya unafiki: kwamba mkongwe akiitwa, wapinzani humlegezea, na tunashangilia mchezo wa kuigiza. Mwaka 2014 huko Minneapolis, Jeter, mwenye miaka 40 na katika msimu wake wa mwisho, alianza mechi kwa pigo lililomfikisha kituo cha pili dhidi ya Adam Wainwright wa St. Louis. Baada ya kutoka uwanjani Wainwright aliwaambia waandishi maneno yaliyoeleweka kuwa alimrushia mipira rahisi kwa makusudi, kisha baadaye akasema alikuwa akitania. Hata kama ni utani, uliacha ladha mbaya, na nadhani mashabiki waliokasirika walikuwa sahihi. Heshima ya uwanjani ina thamani pale tu mpinzani anapokupinga. Dawa yake ilionekana mwaka mmoja kabla, kwenye Mechi ya Nyota iliyochezwa uwanja wa Citi Field. Rivera, mrushaji wa kufunga mechi wa New York Yankees, aliingia zamu ya nane kwa sababu kocha Jim Leyland alihofia zamu ya tisa isije ikampita. Wachezaji wa pande zote mbili walibaki kwenye mabenchi, wakamwacha peke yake katikati ya uwanja, wakampigia makofi. Kisha wakatoka na kucheza kwa dhati: wapigaji watatu, akawatoa wote watatu. Rivera hakuingia kwa kura ya mashabiki, kwa kuwa warushaji hawamo kwenye kura hiyo, lakini namna ilivyofanyika ndiyo kipimo. Makofi yatangulie, ushindani ufuate, na visichanganywe.

Hoja moja ilikuwa na nguvu kuliko zote, kisha ikafa yenyewe. Mwaka 2002 huko Milwaukee timu zilifungana 7 kwa 7 hadi zamu ya 11, warushaji wakaisha, na kamishna Bud Selig akaivunja mechi bila mshindi. Katika besiboli, ambayo haina utamaduni wa sare, hilo lilikuwa kama msiba. Tuzo ya mchezaji bora ilikuwa imepewa jina la Ted Williams, aliyefariki siku nne tu kabla. Usiku huo haikutolewa kwa yeyote. Ligi ikashituka, na kuanzia 2003 ikaamua kwamba upande utakaoshinda Mechi ya Nyota utapata faida ya kuanzia nyumbani kwenye fainali, World Series. Katika miaka hiyo ulikuwa na haki ya kuuliza kwa nini fainali ihatarishwe kwa ajili ya kumuaga mtu. Kanuni hiyo ilidumu hadi 2016, ikafutwa. Sasa faida hiyo huenda kwa timu yenye rekodi bora ya msimu, kama inavyopaswa, na Mechi ya Nyota imerudi kuwa sherehe. Waliobaki wakipinga wakongwe kwa sababu ya uzito wa mechi wanapigana vita vilivyokwisha.

Ndipo tunapofika mwaka 2022. Makubaliano mapya ya kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji yalimpa kamishna uwezo wa kuongeza kikosini mchezaji kwa kuzingatia kazi yake ya miaka mingi, juu ya idadi ya kawaida. Kamishna huyo, Rob Manfred, aliwateua Albert Pujols na Miguel Cabrera. Mwaka 2025 huko Atlanta akateuliwa Clayton Kershaw, muda mfupi baada ya kufikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa kuwakosesha mpira. Kwa hoja ya nafasi na ya bonasi, kanuni hii ni jibu kamili: hakuna kijana anayepokonywa kitu. Na Pujols alifanya uteuzi wake usionekane huruma. Alikwenda kwenye mechi hiyo akiwa na mapigo 685 ya kuvuka ukuta, na kufikia Oktoba alikuwa amefikisha 703.

Kasoro ni mtoaji. Kamishna huchaguliwa na wamiliki wa timu, na hulazimika kufikiria runinga, wadhamini na picha ya ligi. Hakuna kigezo kilichotangazwa. Pujols alikuwa amesema anastaafu. Cabrera aliendelea hadi 2023. Kershaw, Julai ile, hakuwa ametangaza lolote. Wote watatu walistahili, sina ubishi, lakini hao ni wepesi: mtu yeyote angewateua. Mtihani utakuja kwa mchezaji aliyedumu miaka 18 kwenye timu ya mji mdogo, au aliyegombana na ligi, au aliyependwa kuliko takwimu zake zinavyoeleza. Ofisi itakuwa na sababu nzuri ya kukaa kimya, na ukimya wake hautahitaji maelezo. Tena makofi yanayotokana na uteuzi ni tofauti na yale ya mwaka 2001. Ripken aliposimama Seattle, kila aliyekuwa kwenye viti alijua kwamba watu kama yeye ndio waliomweka pale.

Njia ya kurekebisha si ngumu. Kiti cha ziada kibaki. Anayetangaza kabla ya Juni kwamba ataondoka mwisho wa msimu, na mwenye misimu 15 au zaidi, jina lake liwekwe kwenye karatasi ya pembeni, ndiyo au hapana, na wawekwe hata warushaji. Asiyefikisha kiwango asiingie, na kiti kikikosa mtu kibaki wazi mwaka huo. Atakayesema miji mikubwa itajaza kura akumbuke kwamba mwaka 1957 ilikuwa Cincinnati, na mwaka 2015 wachezaji wa Kansas City ndio waliotishia kuzoa karibu nafasi zote kabla ligi haijafuta makumi ya milioni ya kura zilizotiliwa shaka. Wizi wa kura hauchagui ukubwa wa mji, na ligi imeshajifunza kuunasa. Makubaliano ya kazi yaliyompa kamishna uwezo huo yanamalizika tarehe 1 Desemba 2026. Pande mbili zikikaa tena mezani kugawana mabilioni, chama cha wachezaji kiombe na hili dogo, ambalo halitamgharimu mmiliki yeyote hata dola moja.